Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya anga: wingu la Kibo halimo kwenye taarifa

Kwa: Wakuu wenye dhamana ya usalama wa usafiri wa anga na huduma ya hali ya hewa kwa ndege

Kutoka: Marubani wa ndege ndogo, wakufunzi wa urubani na waangalizi wa hali ya hewa, Arusha na Moshi

YAH: MAWIMBI YA MLIMA NA MAWINGU YA SAHANI KATIKA MILIMA YA KASKAZINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Barua mbili zenye kichwa hichohicho zilikwishafika mezani kwenu. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zenye muhuri tunazo. Majibu hatunayo. Ndiyo maana hii ya tatu tunaiweka hadharani, kwa heshima ileile, ila tumeiandika kwa urefu ili hata asiyewahi kuketi kwenye kiti cha rubani aelewe tunalalamikia nini.

Shida yetu inasemeka kwa sentensi moja. Kuna hatari inayojichora yenyewe angani, mwangalizi aliye zamu anaiona, anaiandika kwa tarakimu, na tarakimu hiyo haimfikii rubani anayewasha injini hatua chache kutoka pale mwangalizi alipoketi.

Wingu lenyewe si geni. Mkazi wa Moshi au Sanya Juu akiamka alfajiri hulikuta: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imevaa kofia, au pembeni yake kumetandazwa sahani laini, moja juu ya nyingine, kama vyombo vilivyopangwa kabatini. Kingo zake ni kama zimekatwa kwa wembe. Mawingu mengine yanapita, lenyewe limetulia palepale saa nzima, saa mbili. Watalii hulipiga picha, na hawakosekani wa kusambaza picha hizo wakidai ni chombo kutoka sayari nyingine.

Kule kutulia ndiko kunakodanganya. Simama kando ya mfereji wowote wa Uchagani penye jiwe lililozama. Maji yakilivuka jiwe huumuka, hushuka, huumuka tena mbele kidogo. Kile kivimbe hakiondoki mahali pake, ingawa maji yanayokifanya ni mapya kila sekunde. Hewa nayo hufanya hivyo ikipata mambo matatu: upepo wa noti 20 na zaidi kwenye kimo cha kilele, yaani kama kilomita 37 kwa saa, upepo huo uupige mlima ubavuni, karibu na pembe mraba, na tabaka tulivu la hewa jirani na kilele, ile hewa ambayo ukiisukuma juu hutaka kurudi ilikotoka. Inarudi, inapitiliza, inasukumwa tena. Mlima wa pekee kama Kibo hauhitaji hata hilo sharti la pili, maana ni mviringo na upepo utokao popote utapata ubavu.

Mgongoni mwa wimbi hewa hupoa na mvuke hugeuka matone. Ikianza kushuka, matone huwa mvuke tena. Kwa hiyo wingu limesimama lakini hewa iliyomo haijasimama: inaingia upande huu na kutokea upande ule kwa kasi ya upepo wote. Rubani anayejua kusoma huliona kama kibao cha barabarani. Upande hewa inakoingilia kuna mpando, upande inakotokea kuna mteremko, na chini yake, kwenye kimo cha kilele au pungufu, huenda kuna rota. Hiyo ni hewa inayozunguka kama gurudumu la cherehani: haiendi popote, lakini usitie kidole. Ndani ya sahani safari inaweza kuwa laini ajabu. Ni kwenye rota ndege inapovunjika. Na huo ulaini wa ndani nao una bei yake, kwa sababu hewa inayopandishwa bila kukoma hubeba maji mengi yaliyo chini ya sifuri bila kuganda, na maji hayo hugandia bawa mara yakiligusa.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yetu ni haya.

1. Taarifa ya kiwanja inalificha wingu

METAR, ile taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja anayosomewa rubani, kwa utaratibu wa kimataifa hutaja kwa jina aina mbili tu za mawingu: CB na TCU, yaani wingu la radi na lile linalojijenga kuelekea kuwa la radi. Mengine hutajwa kwa wingi na kimo. Tena wingu ambalo kitako chake kiko juu ya futi 5,000, au juu ya kile kimo cha chini cha usalama kilicho kikubwa kuliko vyote kuzunguka kiwanja, kwa kuchukua kilicho juu zaidi kati ya hivyo viwili, halihesabiwi kuwa na uzito kwa urukaji, maadamu si moja ya hayo mawili.

Tuchukue mfano. Ni saa 12 asubuhi, 0300 kwa saa ya kimataifa. Mwangalizi anatoka nje, anaona sahani mbili juu ya mlima, kwingine anga ni kweupe. Kwenye SYNOP, ripoti ya tarakimu inayokwenda kwa watabiri, anaandika kundi la mawingu 82040. Tarakimu ya nne, hiyo 4, ndiyo inayosema kuna mawingu ya kati yenye umbo la lozi au samaki, yanayobadilika sura kila wakati. Ameliona na ameliandika. Kisha anaandaa METAR ya saa hiyohiyo, nayo inaweza kusomeka hivi:

05014KT CAVOK 20/13 Q1017

Anayesoma CAVOK, yaani mawingu na uonekano ni shwari, anaelewa jambo moja tu: leo hakuna neno. Ile 4 imeshakwenda kulala kwenye takwimu za tabianchi. Mwangalizi hana kosa, amefuata kanuni neno kwa neno. Lakini ninyi mnaopanga taratibu za nchi mnao uwezo wa kuiamsha hiyo 4, na jinsi ya kuiamsha tumeieleza huko chini.

2. Njia tunazotumia zinapita demani

Mabaharia wetu wana maneno mazuri kuliko ya marubani: joshini ni kule upepo unakotoka, demani ni kule unakokwenda. Mteremko wa hewa na rota vyote viko demani mwa mlima. Sasa tazameni ramani pamoja nasi.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Demani ya Kibo wakati huo ni kusini-magharibi: Machame, Boma Ng'ombe, na moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ulio kama kilomita 50 kutoka kileleni. Kilomita 50 si umbali wa kujisifia. Mawimbi ya mlima hufuatana, moja nyuma ya jingine, na pengine huenda zaidi ya hapo kabla ya kufifia.

Lakini panapotusumbua zaidi ni Upare. Rubani wa ndege ndogo anayetoka Moshi kwenda Tanga hufuata barabara kuu: Mwanga, Same, Mombo, Korogwe. Ndivyo anavyofundishwa, na ni mafunzo mazuri, kwa sababu injini ikizima barabara iko chini yake. Tatizo ni kwamba barabara hiyo imelala mguuni mwa Pare na Usambara upande wa kusini-magharibi. Safu hizo zimenyooka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na kaskazi huzipiga ubavuni karibu pembe mraba. Yaani msimu mzima njia salama kuliko zote kwa injini ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa hewa. Kilele cha Shengena kina mita 2,463, na Same iko chini yake karibu mita 1,600. Anayeruka futi 6,000 juu ya barabara, akiwa na ukuta huo mkono wa kushoto na kaskazi ikivuma kwa nguvu, yuko mahali ambapo rota hupenda kukaa. Barabara anaiona vizuri. Rota haioni, labda mpaka vipande vya wingu vilivyochanikachanika vianze kuzunguka mbele ya kioo.

Kusi ikiingia, mambo yanageuka. Demani ya Kibo inakuwa Amboseli. Demani ya Meru inakuwa Longido, na Longido na Namanga ziko kwenye njia ya kila siku kati ya Arusha na kiwanja cha Wilson, Nairobi. Upepo wa juu ukitoka mashariki, jambo la kawaida katika latitudo zetu, demani ni nyanda za Shira na Siha, kwenye uwazi ulio kati ya Kibo na Meru ambao marubani huutumia kama mlango.

Tusisahau nyanda za juu za Ngorongoro. Loolmalasin inafika mita 3,648. Upepo wa mashariki ukizivuka nyanda hizo hushukia Oldupai na Ndutu. Ukame wa Oldupai wenyewe ni ushahidi wa hewa inayoshuka, mlima umekwishaikamua mvua upande wa pili. Ndege za watalii huanza kupunguza kimo mumo humo.

3. Hesabu haimwachii rubani nafasi

Kwa vigezo vya kimataifa, wimbi la mlima ni la wastani ikiwa hewa inashuka kwa mita 1.75 hadi 3 kwa sekunde, yaani futi 350 hadi 600 kwa dakika. Likifika futi 600 au kuzidi, au likileta msukosuko mkali, linaitwa kali. Cessna ya pistoni iliyojaa abiria na mizigo, ikiwa futi 10,000 kwenye joto letu, hupanda kwa futi 300 hadi 500 kwa dakika rubani akiisukuma mpaka mwisho. Chukua 400. Ndani ya mteremko wa 600, ndege iliyoelekezwa juu, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, inashuka futi 200 kila dakika.

Itadumu hivyo kwa muda gani? Inategemea inaelekea wapi. Upepo ukiwa mita 10 kwa sekunde na hewa ikiwa na utulivu wa kawaida, kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine ni kama kilomita 6. Ndege ya noti 120 inayolivuka wimbi hutumia sekunde 100 kwa wimbi zima: 50 inashushwa, 50 inapandishwa. Inakera, lakini inapita. Anayeruka sambamba na safu, kama yule wa barabara ya Same, anaweza kubaki kwenye mteremko uleule dakika 10. Hizo ni futi 2,000 zimekwenda, na chini yake hana nyingi za kutoa.

Makosa matatu huikamilisha ajali. La kwanza ni mtambo wa kujiendesha. Ukiwa umeambiwa ushike kimo, ndege ikishushwa huinua pua, kasi inapungua, inainua tena, mpaka bawa linaacha kubeba. Dawa ni kuuondoa kwenye kushika kimo, kushika mlalo wa ndege na kasi ya kuhimili msukosuko, na kumwomba mwongoza ndege nafasi ya vimo viwili, juu na chini, ili kimo kipande na kushuka kinavyotaka. La pili ni kugeukia mlima kutafuta mpando ulioonekana dakika moja iliyopita. Ukishushwa demani, geukia mbali na mlima, upepo ukusukume kutoka. La tatu rubani hatendi lolote. Upepo mkali juu ya kilele hupunguza mgandamizo wa hewa pale, na kipimo cha kimo kikasoma juu zaidi ya ukweli, pengine kwa mamia ya futi. Anayejiamini ana futi 1,000 juu ya mwamba huenda ana nusu yake.

4. Ripoti za marubani zinaishia redioni

Wimbi kali la mlima limo kwenye orodha ya mambo ambayo rubani anatakiwa kuyatolea ripoti maalumu, pamoja na radi, barafu na msukosuko. Rubani akisema «nimeshushwa vibaya juu ya Mwanga», hujibiwa «imepokelewa». Baada ya hapo hatujui inakwenda wapi. Anayeruka nusu saa baadaye haambiwi.

5. Helikopta za uokoaji

Hizi hutua Shira, na kambi ya Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600, kimo ambacho helikopta imebakiwa na nguvu kidogo mno. Mteremko wa hewa ambao Cessna ingeuvumilia unaweza kuisukuma helikopta ardhini ikiwa na mgonjwa ndani. Hatuna haja ya kuongeza.

Sasa tunajua majibu ambayo huwa yanatolewa mambo haya yakizungumzwa vikaoni. Tuyajibu mapema.

«Huku ni tropiki, upepo wa juu ni hafifu, na mlima wa pekee hewa huuzunguka badala ya kuuvuka.» Hoja hii ina ukweli, na anayeitoa anajua anachosema. Kwa kukadiria, gawanya kasi ya upepo, mita kwa sekunde, kwa 0.01, ambacho ni kipimo cha utulivu wa kawaida wa hewa. Upepo wa mita 10 unatoa 1,000. Maana yake hewa ina nguvu ya kupanda kama mita 1,000 tu, na iliyo chini ya hapo inaupita mlima kwa pembeni. Lakini basi mita 1,000 za juu za Kibo zinavukwa, na huko ndiko sahani inakotokea. Hewa iliyopita pembeni nayo hukutana tena demani ikijisokota, kama maji nyuma ya nguzo ya daraja. Kwa Pare na Usambara hoja inaanguka kabisa: safu ni ndefu, si rahisi kuizunguka, na urefu wake kutoka bondeni ni mita 1,600 hivi, si 5,000.

«Ndege kubwa zinapita juu.» Mawimbi nayo yanapanda. Tarehe 9 Desemba 1992 DC-8 ya mizigo ikiwa futi 31,000 karibu na Denver, Marekani, ilipoteza injini moja na karibu mita 6 za bawa la kushoto, juu ya milima isiyofika futi 15,000. Ilitua. Karibu miaka 29 kabla yake, tarehe 10 Januari 1964, B-52 iliyokuwa kwenye majaribio ilinyofolewa karibu mkia wake wote wa wima jirani na milima ya Colorado. Nayo ilitua, Arkansas, baada ya saa kadhaa. Na mwaka 2018 ndege isiyo na injini, Perlan 2, ilipandishwa na mawimbi ya Andes juu ya El Calafate, Argentina, hadi zaidi ya futi 76,000. Baada ya kuachwa na ndege iliyoivuta, haikuwa na kitu kingine cha kuipandisha.

«Siku nyingi hakuna wingu lolote, kwa hiyo kuliripoti hakusaidii.» Hili ndilo jibu linalotuumiza, kwa sababu linageuza hoja yetu kichwa chini. Ni kweli wimbi linaweza kuwapo bila wingu kama hewa ni kavu. Tarehe 5 Machi 1966 Boeing 707 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, safari namba 911, iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong. Kulikuwa kweupe, Fuji inaonekana vizuri. Ilipokuwa demani ya mlima huo, karibu futi 16,000, ilikatikakatika hewani na watu wote 124 wakafa. Ndege ya jeshi la majini la Marekani iliyokwenda kusaidia kutafuta mabaki ilirushwa huku na huko kiasi kwamba kipimo chake kilisoma mara 9 ya uzito wake kwa upande mmoja na mara 4 kwa upande wa pili. Fuji ni mlima wa pekee, wa volkano, mviringo, mita 3,776. Kibo ni huohuo, ila mita 5,895. Upepo kileleni siku ile ulikuwa noti 60 hadi 70, na tunakiri kwamba upepo wa namna hiyo kwetu ni nadra sana. Hata hivyo, somo la Fuji ni kwamba wingu lisipokuwapo mtabiri lazima afanye kazi ya wingu. Halikuwahi kuwa kwamba wingu likiwapo tunyamaze.

«Setilaiti na kompyuta zinatosha.» Wimbi letu lina kilomita 6 hivi kutoka mgongo hadi mgongo. Modeli bora za dunia nzima zina miraba ya kilomita 9, na ndani ya mraba huo Kibo hunyolewa ikawa kilima. Mstari wenye mawimbi ya kilomita 6 hauwezi kuchorwa kwa penseli yenye ncha ya kilomita 9. Jicho la mwangalizi saa 12 asubuhi, kabla mawingu ya chini hayajaufunika mlima, ndicho kifaa bora tulicho nacho, na mshahara wake mmekwishaulipa.

«Muundo wa METAR ni wa kimataifa.» Ni wa kimataifa mpaka neno RMK, linaloanzisha maelezo ya ziada. Baada ya neno hilo, nchi huamua yenyewe. Marekani huandika hapo ACSL, yaani wingu la sahani, na upande linakoonekana wingu, na rubani wa Colorado akisoma herufi hizo nne anajua la kufanya.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

1. Kuanzia METAR ya 0300 hadi ya 0600, kila mlima unapoonekana ukiwa na wingu la sahani, iongezwe RMK ACSL na upande, mfano RMK ACSL NE, NE ikiwa kaskazini-mashariki. Vipande vya wingu la rota vikionekana, vitajwe navyo. Gharama ya ombi hili ni waraka wa ukurasa mmoja kwa waangalizi.

2. Mtabiri wa zamu ya usiku aangalie upepo kwenye ramani mbili za anga ya juu, kila moja ikiwa na kiwango chake cha mgandamizo wa hewa. Ya hektopaskali 500 huwa karibu mita 5,880 katika latitudo zetu, yaani kimo cha Kibo kasoro mita chache, kana kwamba ilichorwa kwa ajili yetu. Ya 700 iko kama mita 3,150, juu kidogo ya Pare. Upepo ukivuka noti 20 kwenye mojawapo, na puto la kupima hewa la Dagoretti, Nairobi, likionyesha tabaka tulivu jirani na kimo hicho, hilo liandikwe kwenye maelezo ya asubuhi. Vigezo vya wimbi kali vikitimia, itolewe SIGMET, yaani onyo la hatari kwa ndege, ya SEV MTW, wimbi kali la mlima. Inadumu saa 4 tu. Haifungi anga siku nzima kama baadhi yenu mnavyohofia.

3. Kamera tatu zisizohamishika: KIA ikitazama kaskazini-mashariki, Same ikitazama mashariki, Longido ikitazama kusini-mashariki. Picha kila dakika 5, zionekane na yeyote. Mwenye shida ya bajeti aanze na ya Same.

4. Ripoti ya rubani iwe na vipengele vitano tu, isemeke kwa Kiswahili au Kiingereza kwa pumzi moja: mahali, saa, kimo, kushuka au kupanda kwa futi ngapi kwa dakika, aina ya ndege. Mnara uisome kwa kila ndege inayopita njia hiyo kwa saa mbili zinazofuata.

5. Tangazo moja kwa marubani lenye hesabu za milima yetu yenyewe. Kanuni inayofundishwa kwingi ni kuvuka kwa kimo cha mlima pamoja na nusu ya urefu wake kutoka chini. Kwa Pare juu ya Same ni karibu futi 10,700; ndege ndogo inaiweza. Kwa Meru, ukianzia Arusha, ni kama futi 20,000. Kwa Kibo ni zaidi ya 27,000. Tangazo liseme bila kuzunguka kwamba ndege isiyo na oksijeni wala uwezo huo haivuki Meru na Kibo kwa juu siku ya wimbi, inapita joshini. Na kwamba msimu wa kaskazi kuna siku ambazo barabara ya Same inafuatwa kwa kuitazama kwa mbali, kilomita 20 au 25 magharibi, upande wa Nyumba ya Mungu na mto Pangani.

6. Majibu ya maandishi kabla kaskazi haijaanza mwezi Desemba. Ombi mnaloliona halifai, likataeni kwa sababu, tutazisoma.

Wakati tukisubiri, picha ya mlima ya saa 12 asubuhi itabandikwa kila siku kwenye ubao wa chumba cha marubani. Chini yake zitaandikwa SYNOP na METAR za saa hiyohiyo, sambamba, na nafasi iliyobaki tumeiacha kwa ajili ya jibu lenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Marubani, wakufunzi na waangalizi waliotajwa hapo juu

Nakala: Ubao wa matangazo, chumba cha marubani